Jinsi ya kuisoma historia ya mtaa wako kwa miguu, bila kusubiri mtu wa kukutembeza

Watu wengi ukiwatajia historia wanawaza makumbusho, sanamu ya mtu kanyoosha mkono, au kibao cha shaba ukutani kinachosema fulani alizaliwa hapa. Sasa mi nimekuwa nazunguka mitaani na daftari kwa miaka kadhaa na nilichogundua ni kwamba kibao ndo kitu cha mwisho kukiangalia. Kibao kinakwambia kile ambacho watu walikaa kikao wakakubaliana ukijue, basi. Chenye maneno mengi ni kile ambacho hakijakaa sawa: barabara inayopinda bila sababu, dirisha lililozibwa, mlango unaoshuka badala ya kupanda, mti mkubwa umesimama katikati ya njia na watu wote wanauzunguka kama hawauoni. Ukikutana na kitu cha namna hiyo jiulize swali moja tu, hiki kilikuwa kimekaa sawa na nini? Manake kuna kitu kilikuwepo hapo kikaondoka, na hiki kilichobaki bado kinakifuata.

Hiyo ndo mbinu yenyewe, mengine yote ni kuzoesha macho.

Kabla hujatoka

Chagua eneo dogo. Dogo kweli, la kutembea dakika 20 hivi kwa mwendo wa kawaida, manake utalitembea kwa saa mbili. Wengi wanakosea hapa, wanataka kumaliza mji mzima kwa siku moja, wanarudi na picha 300 na hawakumbuki ipi ilikuwa wapi. Na mara ya kwanza usisome chochote kuhusu mtaa wako kabla ya kutoka, nenda hivyo hivyo mtupu, kwa sababu ukishasoma utaona ulichosoma tu na vingine vyote utavipita.

Muda nao una kazi yake. Asubuhi mapema au jioni jua likiwa chini, mwanga unapita ukutani kwa ubavu, kila kovu kwenye plasta linatupa kivuli na herufi zilizofutika zinajitokeza, ila saa sita mchana ukuta huohuo unaonekana umenyooka tu hauna lolote. Na ukipata bahati mvua imetoka kunyesha, toka fasta, matangazo ya zamani yaliyochorwa kwa rangi ukutani yanasomeka vizuri zaidi ukuta ukiwa umelowa. Alafu mvua inakuonyesha maji yanataka kwenda wapi, nitalirudia hilo.

Beba simu, daftari, penseli. Vua hedifoni. Pita barabara kwenda na kurudi, na ukirudi pita upande wa pili, utashangaa kwamba ni barabara mbili tofauti. Na angalia juu! Ghorofa ya chini kila mwenye biashara anaibomoa anaweka vioo vyake, ila juu huwa hawahangaiki napo, kwa hiyo nyumba inaweza kuwa na duka jipya linalong'aa chini, na juu bado kuna madirisha ya mbao, mwaka wa ujenzi na jina la mtu aliyeijenga.

Anza na mistari ya barabara

Nyumba zinabomolewa kirahisi, barabara hazihami kirahisi. Kuna kiwanja cha wazi Roma kinaitwa Piazza Navona, kirefu, ncha yake moja imezunguka kama nusu duara, na sababu ni kwamba palikuwa na uwanja wa michezo wa Kaizari Domitian, wa karne ya 1. Uwanja wenyewe uliisha zamani sana lakini watu walijenga nyumba juu ya majukwaa yake, ukifuata kuta za leo unafuata majukwaa. Nyumba za juu zimejengwa upya mara kibao na lile umbo halijasogea.

Kwa mtaa wako tafuta barabara inayovunja mpangilio. Kama barabara zote zimenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu alafu kuna moja inakata kimshazari, hiyo moja kwa kawaida ni kongwe kuliko zote. Mfano mzuri ni Broadway pale New York, mpango wa kuchora mitaa ya Manhattan kwa mistari iliyonyooka ulipitishwa mwaka 1811, lakini Broadway ilishakuwepo, sehemu yake kubwa inafuata njia ya miguu ya wenyeji wa kisiwa kabla ya Wazungu, kwa hiyo inapita imejikunja zake katikati ya mistari ya watu.

Mkunjo nao una tabia zake. Mkunjo mrefu, mpole, usio na mteremko mkali, na nyumba za pande zote mbili zimeupa mgongo? Fikiria reli. Treni haiwezi kukata kona ya ghafla wala kupanda mlima mkali, ndo maana tuta lake linajulikana hata mataruma yakiondolewa na lami ikimwagwa juu. Mkunjo wa ovyoovyo, unaocheza kushoto na kulia na uko bondeni? Hapo fikiria maji. Miji mingi imezika mito yake chini ya lami. London wana mto Fleet, umefunikwa unapita chini kwa chini kama bomba, na jina limebaki kwenye Fleet Street. Paris waliufunika mto Bièvre, wakamaliza kipande cha mwisho ndani ya jiji mwaka 1912. Seoul walifunika kijito cha Cheonggyecheon kwa zege, wakaweka juu yake barabara ya kupita angani, kisha wakabadili mawazo wakabomoa vyote na mwaka 2005 maji yakaonekana tena.

Kujua kama mtaani kwako kuna mto uliozikwa si kazi ngumu. Siku ambayo haijanyesha wiki nzima, simama karibu na mfuniko wa chemba sehemu ya chini kabisa ya barabara, usikilize. Ukisikia maji yanakimbia kwa nguvu usiku na mchana, kuna kitu hapo, inaweza ikawa bomba la maji machafu tu, ila andika. Siku ya mvua rudi uangalie madimbwi yanajipanga wapi. Maji yana kumbukumbu ndefu kuliko ofisi ya ardhi.

Majina (kwa tahadhari)

Jina la mahali ni ushahidi mzuri sana na pia ni mtego mzuri sana. Wall Street ya New York maana yake ni mtaa wa ukuta na kweli palikuwa na ukuta, Waholanzi waliujenga mwaka 1653 na ulibomolewa mwaka 1699, jina halikubomolewa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina moja, limetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu walilisikia kwa masikio yao wakalitamka kwa midomo yao na leo ukilisoma haraka hutajua kama lilikuwa Kiingereza. Kwa hiyo jina lisiloeleweka litamke polepole kwa sauti, mara nyingi ni neno la lugha nyingine limevaa nguo za hapa.

Mtego ni kwamba kila jina lisiloeleweka huzaa hadithi. Utaambiwa palikuwa na mfalme alipita hapa akasema neno, au palikuwa na mrembo. Mi nikisikia hadithi ya jina ambayo ni tamu sana na imekamilika mwanzo mpaka mwisho, naiandika kwenye ukurasa wake peke yake na alama ya kuuliza.

Na usiangalie kibao cha barabara peke yake. Vibao vinabadilishwa serikali ikibadilika. Sikiliza majina ya vituo vya basi, yale yanayopigiwa kelele na makondakta. Kituo kinaitwa Kiwandani na hakuna kiwanda, kinaitwa Kisimani na hakuna kisima, kinaitwa kwa jina la mti na mti haupo. Hayo majina hakuna kamati iliyoyapitisha, ndo maana nayaamini zaidi.

Ukuta ukiusogelea

Kuna nyumba moja huwa napita, mlango wake uko chini ya usawa wa barabara, unashuka vidato viwili ndo unaingia. Miaka yote nilidhani fundi alikosea vipimo. Siku moja wakachimba mtaro wa bomba mbele yake nikachungulia: juu lami mpya nyeusi, chini yake lami nyingine kongwe imekuwa ya kijivu, chini yake kokoto, chini yake udongo mwekundu uliogandamizwa kama sakafu. Na huo udongo ulikuwa sawasawa kabisa na kizingiti cha mlango. Kumbe nyumba haijashuka hata inchi, barabara ndo imekuwa ikipanda kila wakitandika upya, na yule fundi niliyemdharau miaka yote alipima vizuri tu. Tangu siku hiyo nikiona mlango uko chini ya barabara, au dirisha limezama nusu, najua nyumba ni kongwe kuliko lami.

Kwenye ukuta angalia mambo haya. Rangi au saizi ya tofali ikibadilika ghafla kwenye mstari ulionyooka wima, hapo ndipo nyumba ilipoishia zamani na kilichofuata kimeongezwa. Mstari wa mshazari kama pembe tatu juu ya ukuta wa jirani ni alama ya paa la nyumba iliyokuwa imeegemea hapo. Dirisha lililozibwa lina sababu nyingi, na Uingereza moja ya sababu ilikuwa kodi, kuanzia mwaka 1696 mpaka 1851 nyumba ilitozwa kwa idadi ya madirisha na watu wengine wakaona bora giza. Ila usikimbilie kusema kodi kila mahali, kuna watu waliziba kwa sababu jirani alijenga mbele yao.

Chokaa na saruji pia ni saa ya aina yake. Saruji ya kisasa, ile inayoitwa Portland, ilipewa hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1824 kule Uingereza na kuenea kwake duniani kulichukua miongo mingi, kwa hiyo ukuta ambao kati ya mawe yake kuna chokaa laini nyeupe inayopukutika ni mtu mzima. Usikwangue ukuta wa watu lakini! Vumbi lililoanguka chini ya ukuta linatosha kukwambia.

Tangazo la zamani lililochorwa ukutani likiwa na namba ya simu, hesabu tarakimu. Namba za simu zimekuwa zikiongezwa urefu kila wateja wanapoongezeka, tangazo lenye tarakimu nne au tano limelitangulia lile lenye tisa, na ukijua mwaka ambao mji wako ulibadilisha namba umeshapata umri wa tangazo bila kumuuliza mtu.

Jiwe la msingi likiwa na herufi badala ya namba usiliogope. M ni 1000, D ni 500, C ni 100, L ni 50, X ni 10, V ni 5, I ni 1, herufi ndogo ikitangulia kubwa unaitoa. MCMXII: M ni 1000, CM ni 900, X ni 10, II ni 2, jumla 1912. Na kumbuka hilo ni jiwe la msingi, linasema siku ya kuanza, jengo linaweza kuwa lilimalizika miaka sita baadaye pesa zilipopatikana, au jiwe lenyewe lilitolewa kwenye jengo la zamani likabandikwa kwenye jipya kwa heshima.

Chini ya miguu

Mifuniko ya chemba naipenda kupita kiasi, naomba mnisamehe. Imetengenezwa kwa chuma kizito kwa hiyo haibadilishwi mpaka ivunjike au iibiwe, na karibu yote ina maandishi: jina la kiwanda kilichoimwaga, au shirika la maji, umeme au simu ambalo lilishakufa au kubadilishwa jina zamani. Ni kama kadi za biashara zilizosahaulika barabarani. Piga picha ya kila mfuniko kwenye mtaa mmoja, zipange, utaona shirika la kwanza lilifikia wapi na mtaa uliongezwa kutoka upande gani.

Masanduku ya posta ya Uingereza nayo yana herufi za mfalme au malkia aliyekuwa madarakani yalipotengenezwa, VR ni Victoria, kwa hiyo lenye VR halijatengenezwa baada ya 1901. Na kwenye miji mingi ya Ujerumani, na nchi nyingine nyingi za Ulaya, kuna vijiwe vyenye uso wa shaba, sentimita 10 kwa 10, vimepachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba walizoishi watu walioteswa au kuuawa na Wanazi. Msanii Gunter Demnig alianza kazi hiyo mwaka 1992, na mwaka 2023 vilifika 100,000. Inabidi uiname kusoma jina. Vile ndo vibao pekee ambavyo navitoa kwenye lile lalamiko langu la mwanzo.

Uzio pia. Kusini mwa London kuna nyumba za serikali zimezungushiwa uzio wa chuma wenye vikunjo vya ajabu kwenye ncha, na ule uzio ni machela, yaani machela zenyewe za kubebea majeruhi wa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. Vita ilipoisha machela zilikuwa nyingi na nyua za chuma zilikuwa zimeng'olewa wakati wa vita, wakazisimamisha. Vile vikunjo vilikuwa miguu ya machela.

Miti na makaburi nitapita haraka. Miti ya aina moja, unene mmoja, kwenye mstari mmoja, huenda imepandwa kwa wakati mmoja, na mstari huo huenda ulikuwa mpaka au barabara. Mti wa matunda katikati ya kiwanja kitupu, palikuwa na watu wanaishi. Makaburini ingia kwa adabu, soma tarehe za kufariki, ukiona nyingi zimekusanyika mwishoni mwa 1918 huenda ni ile homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima.

Nilivyojiaibisha

Kwenye moja ya matembezi yangu nikakuta nguzo za uzio ambazo ni vipande vya reli vimesimamishwa wima, nguzo kama ishirini hivi. Nikafurahi sana. Nikaandika kwamba njia ya reli ilipita hapa, nikachora mpaka ramani, nikawasimulia watu wa mtaani kwa kujiamini kabisa. Mwenye uzio akanisikia akaniita, akacheka weee, akaniambia zile reli alizinunua chuma chakavu sehemu ya mbali akazileta kwa lori, hakuna treni iliyowahi kupita pale tangu dunia iumbwe.

Kwa hiyo kanuni yangu sasa hivi, kitu kinachoweza kubebwa hakihesabiki kama ushahidi wa mahali mpaka kiwe na mwenzake asiyebebeka. Reli inabebwa, tuta halibebwi. Mlango mzuri wa kuchonga unabebwa, msingi haubebwi. Nahitaji mashahidi wawili wasiojuana: ukuta na ramani, jina na mzee, tuta na picha.

Kuwauliza watu

Salimia kwanza, jitambulishe, sema unaishi wapi na kwa nini umesimama unapiga picha ukuta wa mtu, manake mtu anayepiga picha nyumba za watu bila maelezo anaonekana dalali au mwizi. Kwenye vituo vya polisi, kambi na majengo ya serikali usitoe simu kabisa.

Alafu usimuulize mtu mzima "naomba unieleze historia ya hapa". Atakupa hotuba. Uliza kitu kidogo kinachoshikika, mlikuwa mnachota maji wapi, mlikuwa mnacheza mpira wapi, giza likiingia mlikuwa mnaogopa kupita wapi. Swali la maji limenipa zaidi ya mengine yote, mtu akianza kueleza njia ya kwenda kuchota anakutajia kila nyumba, kila mti, na mbwa wa nani alikuwa mkali.

Miaka usiulize. Watu wanakosea miaka ila mfuatano wanaukumbuka vizuri. Nilimuuliza mzee mmoja, "Soko lilijengwa lini?" akasema "Soko hili? Hili limekuja juzi tu." Juzi yenyewe ilikuwa zaidi ya miaka thelathini. Nikabadilisha, "Mzee, lami ilikuja kabla ya soko au baada?" Hapo akanijibu bila kufikiri, na akaongeza umeme ulikuja lini na ghorofa la kwanza lilikuwa la nani. Panga mambo kwa kabla na baada, mwaka utautafuta mwenyewe.

Ukisharudi nyumbani

Sasa ndo soma. Google Earth ya kwenye kompyuta ina saa ya kurudisha nyuma picha za setilaiti, unaona kiwanja kikiwa kitupu, kisha msingi, kisha nyumba. Picha za barabarani za Street View, nayo ya Google, zilianza mwaka 2007 na sehemu nyingi unaweza kufungua za miaka ya nyuma. Ramani za zamani zipo bure mtandaoni kwenye mkusanyiko wa David Rumsey, Mmarekani anayekusanya ramani, na Maktaba ya Taifa ya Scotland wana ramani nyingi unazoweza kuzilaza juu ya ramani ya leo na kuzifanya zionekane kwa uwazi. Marekani wana ramani za Sanborn zilizochorwa kwa ajili ya bima ya moto, zinaonyesha mpaka nyumba ipi ni ya mbao na ipi ni ya tofali.

Mtaa wako ukiwa haupo huko kote, kuna albamu za picha za majirani. Omba picha za harusi, za mahafali, za mtoto kwenye baiskeli, ila wewe usimwangalie bwana harusi, angalia nyuma yake. Nyuma ya bwana harusi kuna ukuta ambao haujapakwa rangi, barabara ya vumbi, na ule mti ukiwa bado mdogo.

Na anza kupiga za kwako. Chagua kona moja, weka alama ya mahali unaposimamia, labda pembe ya mtaro au nguzo ya umeme, piga picha kwa urefu wa macho yako, andika tarehe kwenye jina la faili. Mwakani tarehe ileile simama palepale upige tena. Yangu mimi ina miaka sita sasa hivi, na kwenye ile ya kwanza kuna mfuniko wa chemba wenye jina la shirika lililokufa, ya tatu mfuniko hauonekani, wameumwagia lami.